NANI ATAKUTANA NA NANI: Istilahi za Upangaji wa Wapinzani Michezoni

Kanuni za mashindano ni sheria ndogo. Watu wachache huzisoma kabla ya mashindano kuanza, na wengi huzitafuta siku ile ugomvi unapozuka. Siku hiyo kila neno hupimwa, na neno lenye maana mbili huwa ni mlango ulioachwa wazi kwa kila mlalamikaji. Kwa sababu hiyo tumeonelea kuwa yafaa kujadili katika kurasa hizi fungu moja la istilahi za michezo ambalo mara kwa mara huwatatiza wafasiri, walimu wa michezo na maofisa utamaduni: istilahi zinazoeleza jinsi timu moja inavyopata mpinzani wake.

Lugha ya soka ya Kiswahili imekuzwa zaidi na watangazaji na mashabiki kuliko na waundaji wa istilahi, nayo imekua vizuri. Maneno kama mtoano, marudiano, watani wa jadi na ushindi wa mezani yamezaliwa viwanjani na vibarazani, na hakuna anayehitaji kamusi ili kuyaelewa. Lakini neno linalotosha kwa mazungumzo halitoshi daima kwa kanuni. Mtangazaji akisema jambo kwa neno lenye maana mbili, msikilizaji huliona tukio lenyewe na kuelewa. Msomaji wa kanuni hana tukio la kulitazama. Ana neno tu.

Mifano yetu mingi tumeichukua Mbagala na maeneo jirani ya Wilaya ya Temeke. Hatukufanya hivyo kwa upendeleo. Wilaya hiyo ndiyo yenye Uwanja wa Uhuru, Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, na Uwanja wa Azam Complex ulioko Chamazi, kusini ya Mbagala. Aina karibu zote za michezo tutakazozitaja zimepata kuchezwa katika viwanja hivyo, na mkazi wa Mbagala ameziona kwa macho yake.

NJIA NNE ZA KUPATA MPINZANI

Tukiziangalia kanuni mbalimbali za hapa kwetu na za nchi nyingine, twaona kwamba kuna njia nne ambazo kwazo wapinzani hukutanishwa. Ya kwanza ni bahati. Ya pili ni nafasi iliyoshikwa katika mashindano yaliyotangulia. Ya tatu ni hiari ya mwandalizi, yaani mwaliko au mkataba. Ya nne ni uamuzi wa kamati inayopima ubora wa timu. Mashindano mengi huchanganya njia mbili au zaidi, na hapo ndipo mfasiri anapohitaji maneno yaliyotengana.

Njia ya bahati ndiyo maarufu kuliko zote. Mwezi Machi 2024, timu nane zilizofuzu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika zilipangwa mjini Cairo. Simba na Yanga zote zilikuwamo, na zote zilikuwa zimeshika nafasi ya pili katika makundi yao. Vinara wa makundi waliwekwa katika chungu kimoja, na washindi wa pili katika chungu kingine; kila kinara akakutanishwa na mshindi wa pili ambaye hakutoka katika kundi lake. Simba iliangukia kwa Al Ahly ya Misri, na Yanga kwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa na hofu kwamba watani hao wangekutana katika hatua hiyo hofu yake haikuwa na msingi, kwa kuwa timu mbili za chungu kimoja hazikutanishwi. Aidha, michezo ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam na marudiano ugenini, kwa sababu kinara wa kundi ndiye anayepewa haki ya kumalizia nyumbani. Katika tukio hilo moja, basi, bahati iliamua jina la mpinzani, na nafasi ikaamua mipaka ya bahati pamoja na utaratibu wa nyumbani na ugenini.

Njia ya nafasi haina bahati ndani yake. Ngao ya Jamii kwa kawaida huwa ni mchezo mmoja wa timu mbili unaofungua msimu. Mwaka 2023 na mwaka 2024 ilishindaniwa na timu nne za juu za ligi ya msimu uliotangulia. Mwaka 2023, mjini Tanga, Yanga iliyokuwa ya kwanza ilikutana na Azam iliyokuwa ya tatu, na Simba iliyokuwa ya pili ikakutana na timu ya Singida iliyokuwa ya nne. Mwaka 2024 utaratibu ulikuwa ule ule: Yanga ya kwanza kwa Simba ya tatu, na Azam ya pili kwa Coastal Union ya nne. Msomaji atambue kwamba sehemu nyingi duniani hupanga wa kwanza kwa wa nne, na wa pili kwa wa tatu, ili aliyefanya vizuri zaidi apate mpinzani aliye dhaifu zaidi. Kwa hiyo mfasiri asiandike tu kwamba timu "zitapangwa kwa kufuata msimamo". Maneno hayo hayasemi ni msimamo unaofuatwa namna gani. Hana budi kuzitaja nafasi zenyewe.

Njia ya hiari tunaijua pia. Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari kuadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar, hualika timu za Bara, na mara nyingine za nchi za nje. Katika Kombe la Kagame la mwaka 2021 lililochezwa Dar es Salaam, timu ya Big Bullets ya Malawi ilicheza kama mwalikwa, maana Malawi si mwanachama wa baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na ikafika fainali, ambako ilifungwa na Express ya Uganda. Neno mwalikwa latosha kabisa hapa. Timu mwalikwa haikufuzu, wala haikubahatika, iliitwa.

FUMBO LA "BAKULI"

Njia ya nne, ile ya kamati, haijazoeleka kwetu, na ili kuieleza tutatoka kidogo nje ya mipaka yetu. Vyuo vikuu vya Marekani vina mchezo wao wa mpira unaochezwa kwa mikono na miguu, na mwisho wa msimu hufanyika michezo ya pekee ambayo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, ni "michezo ya bakuli". Mfasiri akiandika hivyo, msomaji atadhani kwamba mshindi hupewa bakuli, kama vile mshindi wa mashindano ya mtaani anavyoweza kupewa mbuzi. Sivyo. Jina hilo limetokana na umbo la uwanja. Viwanja vikubwa vya mduara, vyenye kingo zilizoinuka pande zote, viliitwa mabakuli, na mchezo uliochezwa humo ukarithi jina. Mkongwe wa michezo hiyo, Rose Bowl, ulichezwa kwanza Pasadena, California, mwaka 1902, na tangu mwaka 1916 umekuwa wa kila mwaka. Tunapendekeza majina yenyewe yabaki kama yalivyo, na aina ya mchezo iitwe mchezo wa heshima wa kufungia msimu.

Jinsi wapinzani wa michezo hiyo wanavyopatikana ni somo zuri kwa mwanaistilahi, maana njia za hiari, nafasi na kamati zimo zote, ila bahati haimo. Chuo kinachocheza michezo 12 ya msimu kwa kawaida hutakiwa kishinde angalau 6 ili kistahili kuitwa. Lakini kustahili si kufuzu. Vyuo vimejigawa katika majimbo ya michezo, na waandalizi wa kila mchezo wa heshima hufunga mkataba na majimbo fulani. Zamu ya mwandalizi ikifika, huchagua chuo kutoka miongoni mwa vile vilivyosalia. Tangu mwaka 1947, kwa mfano, Rose Bowl ilikuwa kwa miongo mingi ikiwakutanisha mabingwa wa majimbo mawili kwa mkataba, moja la kati na kaskazini ya nchi na moja la pwani ya magharibi. Mwandalizi anayechagua hatazami ushindi peke yake. Hutazama pia ni mashabiki wangapi watasafiri na kununua tiketi.

Ubingwa wenyewe huamuliwa kwa njia nyingine. Tangu msimu wa 2014 iko kamati ya watu 13 inayokaa, kujadili na kupiga kura juu ya ubora wa timu. Kuanzia msimu huo timu 4 zilichaguliwa, na tangu msimu wa 2024 zimekuwa 12. Hapo bahati haina nafasi hata kidogo. Kuna hukumu ya watu, na kila hukumu ya watu huzaa manung'uniko. Timu isiyoshindwa mchezo hata mmoja yaweza kuachwa nje, kama ilivyoipata Florida State katika msimu wa 2023, ilipomaliza na ushindi katika michezo yote 13 na kamati ikazichagua timu nyingine.

KURA IPI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha mjadala. Tukiandika kwamba Simba na Al Ahly "zilikutanishwa kwa kura", na kwamba timu 12 za Marekani "huteuliwa kwa kura", tumetumia neno moja kwa mambo mawili yanayopingana. Katika la kwanza hakuna mtu aliyependelea. Kijikaratasi kimetolewa chunguni, na aliyekitoa hakujua kimeandikwa nini. Katika la pili kila mpiga kura amependelea, na kazi yake ndiyo hiyo. La kwanza halina wa kulaumiwa. La pili lina watu 13 wa kulaumiwa.

Kihistoria neno kura lina haki ya kudai maana ya kwanza. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni bahati inayopigwa ili kumpata mmoja kati ya wengi. Maana ya kuchagua viongozi ni tawi lililoota baadaye. Walakini tawi hilo limekuwa kubwa kuliko shina. Raia wa leo akisikia kura, huona sanduku, karatasi na foleni ya wapiga kura. Kwa hiyo mwalimu akibandika ubaoni tangazo kwamba "timu zitapangwa kwa kura", wanafunzi wana haki ya kuuliza ni nani wanaopiga kura hiyo.

Watu wengi wamekwepa tatizo hili kwa kutumia neno droo. Lakini droo nalo lina mizigo yake. Mbali na mtoto wa meza, ambaye hatuhusu hapa, droo ni upangaji wa timu, na kwa wasemaji wengine ni matokeo ya timu kutofungana au kufungana sawa. Tuchukue kifungu ambacho chaweza kuandikwa na katibu yeyote wa mashindano ya kata: "Endapo timu mbili zitatoka droo kwa kila kitu, droo itaamua." Kifungu hiki kinaeleweka kwa aliyekiandika tu.

Wala hali hiyo si ya kubuni. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2015 lililochezwa Guinea ya Ikweta, Guinea na Mali zilicheza kundi moja, na kila moja ilimaliza michezo yake yote mitatu kwa 1–1. Pointi zilikuwa sawa, mabao sawa, na mchezo baina yao sawa. Mwezi Januari mwaka huo, mjini Malabo, ilitolewa bahati, na Guinea ikasonga mbele, Mali ikarudi nyumbani bila kufungwa. Taarifa ya tukio hilo ikiandikwa kwa neno droo katika kila sehemu, msomaji hatajua ni lini timu zimecheza na ni lini karatasi imetolewa.

Twaonelea kuwa maneno ya kutenganisha dhana hizi tunayo tayari. Kwa matokeo, sare linatosha, na baadhi ya watangazaji wamelitenga neno suluhu kwa mchezo usio na bao lolote. Utengano huo ni mzuri, ila katika kanuni usitegemewe mpaka ufafanuliwe. Kwa kuchagua kwa bahati, wanatakwimu wametutangulia kwa neno nasibu, wanaposema sampuli nasibu. Basi na tuseme upangaji nasibu. Neno kura tuliachie kazi ya watu kutoa maamuzi. Droo liendelee kuishi katika mazungumzo na magazetini, maana hatuna uwezo wala sababu ya kulifukuza. Lakini lisiingie katika vifungu.

MFANO WA TIMU 12 ZA MBAGALA

Ili kuyapima maneno haya, tuchukue mashindano ya kufikirika ya timu 12 za mitaa ya Mbagala: kutoka Rangi Tatu, Zakhem, Kizuiani, Charambe na kwingineko. Mashindano ni ya mtoano, anayefungwa anatoka. Timu 12 haziwezi kugawanyika mbili mbili mpaka fainali bila tatizo: 12 huzaa 6, 6 huzaa 3, na 3 hazina nusu. Hesabu inayofaa ni 16, 8, 4 na 2. Kutoka 12 hadi 16 pana pengo la 4, hivyo timu 4 hazina budi kuanzia raundi ya pili, na timu 8 zicheze raundi ya kwanza ili 4 zibaki. Nne na nne ni nane, na safari inanyooka. Michezo yote itakuwa 11, kwa kuwa kila mchezo hutoa timu moja na lazima zitoke 11. Ndivyo hasa yalivyopangwa mashindano yale ya timu 12 za Marekani: wa 5 kwa wa 12, wa 6 kwa wa 11, wa 7 kwa wa 10, wa 8 kwa wa 9, na timu nne zikisubiri.

Zile timu nne zinazosubiri tuziite nini? Mara nyingine husemwa kwamba "zimepita bila kucheza". Hapa pana hatari. Timu hupita bila kucheza pia pale mpinzani wake asipofika uwanjani, na hapo hupewa ushindi wa mezani. Tofauti yake ni kubwa: ushindi wa mezani ni ushindi, una pointi au mabao, na umetokana na kosa la mwingine. Timu inayoanzia raundi ya pili haijamshinda mtu. Twapendekeza istilahi msamaha wa raundi, na kanuni iseme wazi kama msamaha huo watolewa kwa ubora au kwa bahati. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2023/24, Simba ilipata msamaha huo kwa ubora wake na kuanzia raundi ya pili, hali Yanga ilianzia raundi ya kwanza dhidi ya ASAS ya Djibouti.

Mchezo huo wa Yanga na ASAS watufundisha jambo jingine. Michezo yote miwili, wa kwanza na wa marudiano, ilichezwa Chamazi mwezi Agosti 2023. Katika mchezo wa kwanza ASAS ndiyo iliyokuwa nyumbani, ingawa ilikuwa imesafiri kutoka Djibouti, na Yanga ilikuwa ugenini, safari fupi tu kutoka Jangwani. Maana yake ni kwamba katika kanuni maneno nyumbani na ugenini hayataji mahali, yanataja hadhi. Ni heri kutumia timu mwenyeji na timu mgeni, na kufafanua kwamba mwenyeji ni yule aliyepewa hadhi hiyo na ratiba. Jambo hili si dogo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, hapo hapo Chamazi, Simba ilitoka sare ya 1–1 na Power Dynamos ya Zambia baada ya sare ya 2–2 huko Ndola, ikasonga mbele kwa mabao ya ugenini. Kama hatujui nani ni mgeni, hatujui nani ameshinda.

MTOANO NA MCHUJO

Jozi ya mwisho ni mtoano na mchujo, ambayo wengi huitumia kama neno moja. Mwishoni mwa msimu wa 2022/23, timu mbili za mwisho za Ligi Kuu ziliteremka moja kwa moja. Zilizoshika nafasi ya 13 na ya 14, yaani KMC na Mbeya City, zilikutana zenyewe kwa zenyewe. KMC ilishinda ikabaki. Mbeya City iliyoshindwa haikuteremka papo hapo. Ilipewa nafasi ya pili dhidi ya Mashujaa ya Kigoma iliyotoka daraja la chini, na ikashindwa tena, Mashujaa ikapanda. Utaratibu huu si mtoano, kwa kuwa aliyeshindwa mara ya kwanza hakutolewa. Ni mchujo: hupitishwa tena na tena mpaka kibaki kinachotakiwa. Kwa hiyo twapendekeza mtoano litumike pale tu ambapo kushindwa kwa matokeo ya jumla ni kutoka, na mchujo litumike kwa michezo ya kuamua nafasi.

MUHTASARI WA MAPENDEKEZO

1. Upangaji nasibu: kukutanisha wapinzani kwa bahati.
2. Upangaji kwa nafasi: kukutanisha wapinzani kwa kufuata nafasi walizoshika, nafasi zenyewe zikitajwa.
3. Upangaji kwa mwaliko, au kwa mkataba: kukutanisha wapinzani kwa hiari ya mwandalizi.
4. Uteuzi wa kamati: kuchagua au kupanga timu kwa kura za wanakamati wanaopima ubora.
5. Chungu: fungu la timu zilizotengwa pamoja kabla ya upangaji nasibu, zisikutane zenyewe kwa zenyewe.
6. Sare: matokeo ya timu kulingana mabao.
7. Msamaha wa raundi: haki ya kuanzia raundi inayofuata, si ushindi.
8. Ushindi wa mezani: ushindi unaotolewa kwa uamuzi, si kwa mchezo.
9. Timu mwenyeji, timu mgeni: hadhi zinazotolewa na ratiba, popote mchezo uchezwapo.
10. Mtoano, mchujo: kama yalivyofafanuliwa hapo juu.

Mapendekezo haya ni yetu wenyewe, na twayaleta ili yajadiliwe. Twawaomba walimu wanaosimamia michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na maofisa wanaoandika kanuni za mashindano ya kata na wilaya, wayajaribu katika vifungu vyao na kutuandikia pale yanapokwama. Mchezaji wa Mbagala aliyetolewa mashindanoni ana haki ya kujua kama ametolewa na mpinzani, na bahati, au na kamati, na haki hiyo ataipata endapo tu kanuni aliyosomewa imeandikwa kwa maneno yanayozitenga hizo tatu.